Mapenzi ya Watu na Pakiti ya Viazi

Ndugu msomaji, katika darasa letu la baada ya Alasiri liliulizwa swali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka. Kijana mmoja alisema: “Mchezaji wa mpira nimpendaye nimemwona katika televisheni akiuza chakula, nikaona uchungu kama mtu aliyeibiwa, wala sijui nimeibiwa nini. Je, uchungu huu una haki, au ni upuuzi?” Waliocheka walimwambia kwamba mchezaji ni mtu wa kazi kama wengine, na mwenye kazi hutafuta riziki pale anapoiona. Mimi sikucheka. Swali hili ukilivua jezi, utaliona ni la zamani sana: mtu akipendwa na watu kwa jambo moja, je, yafaa ayachukue mapenzi yale akayakodishe kwa jambo jingine? Na yule aliyempenda, ana dai lolote juu yake?

Khasa haifai kulicheka sisi watu wa pwani, kwani vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huwajua wachezaji wa Uingereza kwa majina kuliko wanavyowajua majirani zao. Jambo lililoingia nyumbani kwa kiasi hicho yapasa litazamwe kwa akili, wala si kwa kicheko.

Mfano nitakaouchukua ni wa mji wa Leicester, ulio katikati ya Uingereza. Katika mji huo palikuwa na mchinjaji, jina lake Henry Walker, aliyefanya biashara ya nyama. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, nyama iliendelea kugawanywa kwa kipimo, na duka la mchinjaji lisilo na nyama ni kuta tu. Basi mwaka 1948 watu wa duka lile walianza kukata viazi vyembamba, kuvikaanga na kuvitia chumvi, yaani kachri za viazi, ambazo Waingereza huziita krispi. Shida ya nyama ikawa ndiyo mlango wa utajiri. Kampuni hiyo ya Walkers ilikua hata mwaka 1989 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Marekani, PepsiCo.

Katika mji huo huo, mwaka 1960, alizaliwa Gary Lineker. Baba yake alikuwa na meza ya matunda na mboga katika soko la Leicester, kwa hiyo mtoto alikua akisikia sauti za wauzaji kabla ya kusikia kelele za kiwanjani. Aliichezea Leicester City tangu 1978 hadi 1985, kisha Everton, Barcelona na Tottenham, akamalizia Japani. Katika Kombe la Dunia la 1986 ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote, mabao 6. Walakini sifa yake kubwa si mabao. Katika maisha yake yote ya mpira hakuonyeshwa kadi ya manjano hata moja, wala nyekundu. Watu walimjua kuwa mtu mwenye adabu, asiyemwumiza mwenziwe wala asiyemtukana mwamuzi.

Mwaka 1995 kampuni ya Walkers ilimchukua kutangaza krispi zake. Katika tangazo la kwanza, Lineker yuarudi kwao Leicester baada ya kukaa ugenini, watu wanamlaki kwa furaha, kisha anakaa karibu na mtoto mdogo mwenye pakiti yake ya krispi, na yule mtu mwenye adabu kuliko wote anamnyang'anya mtoto pakiti na kwenda zake. Uingereza nzima ilicheka. Akaendelea kutangaza krispi hizo kwa zaidi ya miaka 25, mpaka wakawako vijana waliomjua kwa viazi kabla ya kumjua kwa mpira.

Sasa tutazame kilichouzwa pale. Wazee wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilikuwa na ukweli wake katika mji mdogo ambamo kila mtu alijua mkate wa fulani ni mzuri na wa fulani ni mbichi ndani. Lakini leo chema nacho chajitembeza, maana kisipojitembeza hakionekani, na kutembea peke yake si dalili ya ubaya tena. Kwa hiyo mimi siwezi kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba kila tangazo ni hila. Dalali wa mnada wa samaki husifu samaki wake kwa sauti kubwa, wala hatumwiti mwongo kwa hayo. Sote twajua kuwa yule ni dalali, twajua ujira wake watoka wapi, na kila anenalo twalipunguza kwa kadiri tunayoijua. Masikio ya mnunuzi sokoni yana mizani yake.

Tofauti ya mchezaji ni kwamba haji na vazi la dalali. Yuaja na vazi la mtu tunayempenda, nasi mbele ya tunayempenda huiweka mizani chini. Hapa ndipo penye kisa chote, ndugu msomaji. Yule kijana wetu aliyesema ameona kama ameibiwa, neno lake lilikuwa karibu na kweli kuliko la waliomcheka: alifungua mlango kwa rafiki, na pamoja na rafiki akaingia mwuzaji.

Mafakihi wanalo jambo liitwalo najshi, alilolikataza Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Nalo ni mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mwenziwe adanganyike aone kuwa kitu hiki chagombewa. Na wako waliotia humo kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo. Ubaya wa najshi ni kwamba yule mtu huonekana kama mnunuzi, na ushahidi wa mnunuzi mwenzako una uzito ambao ushahidi wa mwuzaji hauna. Basi mchezaji akisimama akala mbele ya macho yetu na kutabasamu, hali ya kuwa chakula kile hakili nyumbani kwake, mimi siuoni umbali mkubwa baina yake na mtu wa najshi. Hakusema uwongo kwa ulimi. Amesema kwa meno.

Wala jambo hili si la kubuni. Stanley Matthews, mchezaji aliyetukuzwa sana Uingereza, picha yake ilitumiwa katika miaka ya 1950 kutangaza sigara za Craven “A”, na mwenyewe hakuwa mvutaji. Mapafu yaliyomkimbiza kiwanjani hata akawa na umri wa miaka 50 yalikuwa mapafu yasiyoujua moshi, na mapafu hayo hayo ndiyo yaliyotolewa ushahidi wa moshi. Huo ni ushahidi wa uwongo, hata kama sheria ya nchi haikuuita hivyo.

Je, Lineker naye ni wa hukumu hiyo? Mimi naona si sawa kuwafunga kamba moja. Kuna uwongo wa kuhadaa na kuna mchezo wa kuigiza ambao kila mtazamaji yuajua ni mchezo. Hapana Mwingereza aliyeamini kwamba Lineker huwanyang'anya watoto chakula. Bali kilichochekesha ni kule kujua kwamba asingefanya. Tangazo lile halikudai kwamba krispi zitakupa nguvu, wala kwamba mabao yake yalitokana na viazi. Ukilichunguza utaona halikusema neno lolote juu ya viazi vyenyewe. Na mimi, ambaye nimelisafisha na uwongo, ndipo hapo ninapoanza kulitilia shaka. Hoja ikitolewa, hata iwe dhaifu, humwachia msikilizaji nafasi ya kuikataa. Pasipokuwa na hoja, mtu akatae nini? Mapenzi yamehamishwa kutoka mtu hadi pakiti bila ya akili kuombwa ruhusa njiani. Sisi ambao kila siku twawaonya watu wasifuate mambo kwa taqlidi, kwamba fulani amefanya basi nami nifanye, tutasemaje juu ya mtu alaye kwa taqlidi? Tena mwenye kumfuata mwanachuoni angalau amemfuata katika elimu yake. Huyu amemfuata mpiga mpira katika mambo ya tumbo.

Mashabiki wenyewe wa Leicester walilionaje jambo hili? Kisa chao kina funzo, nacho si kile ambacho mtu angekitazamia. Mwaka 2002 kilabu yao ilihama kiwanja cha Filbert Street, walichokitumia tangu 1891, ikaingia katika kiwanja kipya chenye viti vipatavyo 32,000. Walkers walitoa fedha ili kiwanja kiitwe kwa jina lao, na jina lililokusudiwa lilikuwa Walkers Bowl. Mashabiki wakapiga kelele. “Bowl” katika Kiingereza ni bakuli, na Wamarekani huviita hivyo baadhi ya viwanja vyao. Watu wa Leicester hawakutaka kuketi ndani ya bakuli la mwuza viazi. Jina likageuzwa, kikaitwa Walkers Stadium, nalo likadumu hadi 2011 alipokuja tajiri mwingine na jina lake.

Yuko atakayesema kuwa huu ni ujinga: wamekubali viazi, wamekataa bakuli! Mimi sioni hivyo. Watu wale walijua kuwa kilabu yataka fedha, tena mwaka ule ule wa 2002 kilabu ilizidiwa na madeni hata ikawekwa chini ya wasimamizi, na aliyewakusanya wenye mali ili kuiokoa alikuwa ni Lineker yule yule wa pakiti. Walkers walikuwa kampuni ya mji wao, viazi vya nyumbani. Walichokataa ni kugeuzwa wao wenyewe kuwa sehemu ya mchezo wa kuuza. Mtu huweza kumkodishia mgeni ukuta wa nyumba yake wa nje, akakataa kumkodishia jina la mtoto wake, na hakuna mwenye akili atakayemwambia kuwa amejipinga mwenyewe.

Nami nikiutaja mji wa Leicester siwezi kupita kimya bila ya kutaja tangazo jingine, ambalo latuhusu watu wa Afrika Mashariki zaidi ya viazi. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwasihi wasije kwao. Wakaja. Leo katika mitaa ya Leicester wako wazee wa Kihindi wanaojua Kiswahili, waliotoka Uganda na Kenya, na wajukuu wao huenda kiwanjani kuishangilia timu ya mji ule. Kumbe si kila tangazo humwongoza mtu linakotaka.

Sasa nije kwa kisa kilicho kizito zaidi. Tarehe 26 Juni 1996, katika kiwanja cha Wembley, Uingereza ilicheza na Ujerumani nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Walitoka 1 kwa 1, zikaja penalti, na mkwaju wa Gareth Southgate ukazuiwa na kipa Andreas Köpke. Wajerumani wakashinda 6 kwa 5. Usiku ule watu wazima walilia barabarani. Haukupita muda mrefu, Southgate akatokea katika tangazo la Pizza Hut, amevaa mfuko wa karatasi kichwani ili asitambulikane, ameketi na Stuart Pearce na Chris Waddle, ambao nao walikosa penalti zao mbele ya Wajerumani katika Kombe la Dunia la 1990, huku wakimtania kwa kukosa kwake. Anauvua mfuko, anakula, na wakati wa kutoka anajigonga.

Wengi waliudhika, na wengi wakacheka. Waliomtetea husema: aibu ni yake, na mtu aicheka aibu yake mwenyewe ni mtu aliyepona. Neno hili lina nguvu. Kujicheka ni katika unyenyekevu, na hakuna aliyeumia na penalti ile kuliko yeye aliyeipiga. Hata hivyo nauliza: ile huzuni ilikuwa ya nani? Mkwaju ulikuwa wake, lakini machozi yalikuwa ya watu milioni nyingi, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake, kama nyumba ya urithi yenye warithi wengi. Mrithi mmoja, awe ndiye mkubwa wao, haifai auze nyumba pasipo wenziwe. Aweza kuuza fungu lake, nami nakiri kwamba katika huzuni hakuna kadhi wa kugawanya mafungu. Ndiyo maana simhukumu Southgate kwa ukali. Alikuwa kijana wa miaka 25, na aliyestahili kulaumiwa zaidi ni yule mwenye biashara aliyetazama taifa likilia akaona hapo pana nafasi ya kuuza chakula. Naye Southgate aliilipa aibu ile kwa njia nyingine: mwaka 2018, akiwa mwalimu wa timu ya taifa, Uingereza iliitoa Kolombia kwa penalti, na haikuwa imeshinda penalti katika Kombe la Dunia hata mara moja kabla ya siku ile.

Mpaka hapa huenda shabiki amefurahi, akaona sheikh yuko upande wake. Basi na avumilie kidogo.

Ewe unayemlaumu mchezaji kwa kujikodisha, hebu tazama kifua chako. Tangu 1992 hadi 2010 jezi ya Liverpool iliandikwa jina la bia ya Carlsberg, na vijana wetu wangapi waliivaa katika miji hii ya Waislamu, wengine wakasimama nayo katika safu ya sala! Tangu 2017 hadi 2020 jezi ya Everton ilibeba jina la SportPesa, kampuni ya kamari iliyozaliwa hapa hapa Kenya. Mchezaji alilipwa kwa kuivaa. Wewe ulitoa fedha zako kwa kuivaa. Katika biashara zote nilizozisoma katika vitabu vya fiqhi, sikupata dalali ambaye humlipa mwenye mali ili apate idhini ya kumtangazia bure. Mwenye kulaumu ujira wa mwenziwe na yeye mwenyewe afanya kazi ile ile kwa hasara, lawama yake haisimami mpaka kwanza aivue. Frédéric Kanouté, mchezaji wa Mali aliyekuwa Sevilla, mwaka 2006 alikataa kuvaa jezi yenye jina la kampuni ya kamari, na mkate wake wote ulitegemea kilabu ile. Shabiki ambaye mkate wake hautegemei jezi ana udhuru gani?

Twajua pia kwamba wachezaji wengine wameanza kuona uzito wa jambo hili, ingawa si kila wakati wameona kwa jicho moja. Tarehe 14 Juni 2021, mjini Budapest, Cristiano Ronaldo aliketi mbele ya waandishi, akaziona chupa mbili za Coca-Cola zimewekwa mbele yake, akazisogeza kando na kuinua chupa ya maji. Watu wakamsifu dunia nzima. Mimi sikuharakisha kumsifu, kwani mtu huyo huyo miaka ya nyuma alitokea katika tangazo la kuku wa KFC, na kuku wa mafuta si jirani wa mbali wa maji ya sukari. Walakini mtu kubadilika si dhambi, na kama amejua leo asichokijua jana, amefanya vyema.

Siku ya pili yake, mjini Munich, Paul Pogba, naye ni Mwislamu, aliiondoa mbele yake chupa ya bia ya Heineken. Chupa yenyewe iliandikwa kuwa haina ulevi. Lakini jina ni lile lile, na anayeiona picha kwa mbali hasomi maandishi madogo. Wakuu wa mpira wa Ulaya kwanza waliwakumbusha wachezaji wasiziguse chupa za wenye kutoa fedha, kisha wakaona vyema chupa za bia zisiwekwe mbele ya wachezaji Waislamu. Nalipenda jambo hili kwa sababu moja. Pogba hakulipwa kuinywa bia ile wala hakuulizwa. Chupa iliwekwa tu karibu na uso wake. Kumbe walijua wenye kuiweka kwamba ukaribu peke yake ni ushahidi, na yeye alipoiondoa alikataa kutoa ushahidi ambao hakuwahi kuombwa kwa maneno.

Basi kwa yule kijana aliyeuliza, jawabu langu ni hili. Mchezaji ana haki ya kutafuta riziki katika chakula cha halali, kama akitenda wazi, akikila yeye mwenyewe, wala asidai kuwa kina alichokuwa hana. Uchungu wako una haki kwa kadiri alivyokuhadaa, na hauna haki kwa kadiri ulivyojihadaa wewe kwa kudhani kuwa mtu uliyempenda kwa mguu wake amekuwa mali yako. Na kama huwezi kuyatenganisha mapenzi ya mpira na uamuzi wa tumbo, kosa la kwanza si lake.

Lakini jawabu hilo ni la watu wazima. Mtoto wa miaka saba hana mizani ya sokoni, hajui dalali ni nani, wala hajui kwamba uso ule umelipwa. Waingereza wenyewe, wenye kupenda biashara kuliko mataifa mengi, waliliona hili, na kuanzia 2007 wakaanza kuzuia matangazo ya vyakula vyenye mafuta, sukari na chumvi nyingi katika vipindi vya televisheni vya watoto. Sisi hatuhitaji kungoja sheria ya televisheni ili tujue. Nenda skuli yoyote hapa mjini saa ya mapumziko, utazame mtoto mwenye senti zake chache akiipita kachri ya muhogo ya yule mama aliyeikaanga asubuhi, akaenda kununua pakiti yenye picha, nawe umwulize kwa nini. Atakutajia jina la mchezaji. Hatataja ladha. Na nyumbani kwake huenda yuko bibi mwenye kisukari na babu mwenye presha, ambao wamekatazwa na daktari kile kile ambacho mchezaji amemwamrisha mjukuu. Kwa mchezaji mtu mzima, mwenye akili timamu na mali ya kumtosha, aliyeukubali ujira wa kusema na masikio ya namna hiyo, mimi nimetafuta udhuru sikuuona.